Jamaa au jamii

"Mwanangu, filamu nzuri, ila pale mwisho mmekosea herufi mbili."

Shangazi alisema hivyo Jumamosi usiku, tulipomaliza kuonyesha filamu ya Kifaransa tuliyoiandikia sabtaito, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa Kiswahili. Mkoba begani, watu wakiburuza viti. Nikamjibu, si kosa Shangazi, ni makusudi. Akanitazama kwa juu ya miwani. "Makusudi ya kukosea?" Halafu akawahi daladala.

Leo Jumatano. Harusi ya binamu imepita, Baba kafunguliwa jicho na anaona, mvua imekata barabara yetu mara mbili, na mimi bado nimekwama kwenye zile herufi mbili. Naosha vyombo, namsikia: makusudi ya kukosea? Napanga foleni ya maji, namsikia. Shangazi amesahihisha prufu za vitabu miaka 27, hakosi kuona koma iliyolala vibaya. Akisema kuna kosa, mtu mwenye akili huanza kutafuta kosa.

Filamu mnaijua, nimewachosha nayo tangu Februari: La Haine, yaani Chuki, ya Mathieu Kassovitz, 1995, dakika 98. Ilipigwa kwa mkanda wa rangi kisha ikatolewa nyeusi na nyeupe. Vijana watatu wa maghorofani nje ya Paris, Vinz Myahudi, Hubert mweusi, Saïd Mwarabu, siku moja baada ya vurugu na polisi. Mwenzao Abdel yuko mahututi kwa kipigo alichopata akiwa chini ya ulinzi, na bastola ya askari iliyopotea usiku ule iko mfukoni mwa Vinz. Ameapa: Abdel akifa, askari mmoja atamfuata. Ndiyo hadithi yote, kilichobaki ni saa zinazopita.

Sasa zile herufi. Filamu inafunguka kwa sauti ya Hubert anayesimulia kisa cha mtu anayeanguka kutoka jengo la ghorofa 50. Kila akiipita ghorofa moja anajituliza: mpaka hapa, salama. Mwishoni kabisa sauti ileile inarudia maneno yaleyale, ila neno moja limebadilika. Safari hii anayeanguka si mtu, ni jamii nzima. Mfaransa analibadilisha jina tu, maneno mengine hayatikisiki, na hapo ndipo pigo lilipo: sikio linadhani limeshasikia, kumbe halijasikia.

Kiswahili hakiruhusu wizi wa kimyakimya namna hiyo. Ukibadilisha jina, kila kinachofuata kinabadilika nalo: mtu anaanguka, anajiambia, anaipita, jamii inaanguka, inajiambia, inaipita. Mlio wa sentensi unageuka wote, na mtazamaji anaona sentensi mpya badala ya ile ya zamani iliyoibiwa neno. Tuliligeuza jambo hili karibu wiki tatu. Tukajaribu "binadamu", tukajaribu "ulimwengu", tukajaribu kuficha kitenzi. Kisha usiku mmoja likaja lenyewe. Ni kisa cha jamaa anayeanguka. Ni kisa cha jamii inayoanguka.

Hesabuni. Herufi na nafasi, sentensi ya kwanza ina 29. Ya pili ina 29. "Anayeanguka" na "inayoanguka" zote zina herufi 11. Jamaa na jamii ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lile la kukusanyika, lililotupa pia jumuiya na Ijumaa. Na "jamaa" ndivyo Hubert angesema kama angezaliwa Temeke: jamaa mmoja bwana, kadondoka ghorofani. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti barabarani. Halafu mtu pekee aliyegundua kwamba kuna kitu pale, akakiita kosa la chapa.

Inauma zaidi kwa sababu filamu yenyewe imejengwa juu ya kosa la herufi. Kumbukeni lile bango la barabarani lisemalo kwamba dunia ni yenu. Saïd anachukua kopo la rangi ya kupuliza, anageuza herufi moja, vous inakuwa nous, dunia sasa ni yetu. Wengi waliowahi kuipeleka filamu hii kwenye lugha nyingine wameumia hapa, maana mchezo wa herufi haupandi ndege. Sisi tulipewa bure: yenu, yetu. N inatoka, t inaingia. Pale ukumbi mzima ulicheka, na Shangazi alicheka. Hakusema mmekosea. Kwa nini pale alielewa na mwisho hakuelewa? Nalirudia swali hili kama kichaa, na jibu ni la kifundi kuliko nilivyotaka: kwenye bango, mkono unaonekana. Kijana ameshika kopo, rangi inatoka, herufi inageuka mbele ya macho. Kwenye jamaa na jamii hakuna mkono. Kuna dakika zaidi ya 90 katikati.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana wengi mmeuliza, na kuandika mambo ya vipimo kunanipoza.

Mstari wa sabtaito usizidi herufi 42, na usiweke zaidi ya mistari miwili. Maandishi yakae angalau sekunde moja, yasizidi saba. Msomaji wa kawaida mhesabie herufi 17 kwa sekunde, kwa hiyo mistari yetu ya ufunguzi, 29 juu na "kutoka ghorofa ya hamsini" yenye 25 chini, inataka sekunde tatu na ushee. Kati ya sabtaito moja na nyingine acha picha mbili tupu, la sivyo jicho halitambui kwamba maneno yamebadilika. Kiswahili kina raha na karaha yake hapa. "Hatukumwambia" ni neno moja la herufi 13, na Mfaransa analisema kwa maneno sita. Lakini huwezi kulikata katikati likiangukia mwisho wa mstari, na likikaa peke yake kwenye skrini linatisha kama tela.

Faili la SRT, ndilo linalobeba sabtaito, ni maandishi matupu: namba, saa ya kuingia, mshale, saa ya kutoka, maneno, kisha mstari mtupu. Sekunde hutenganishwa na sehemu zake kwa koma. Ukiweka nukta, baadhi ya vichezeshi vinaruka mstari mzima bila kukwambia. Hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kutunza herufi. Tatizo letu kubwa Waswahili ni ng' yenye kidole. Programu ya kuandikia barua hukigeuza kile kidole kikawa cha kupinda bila kuomba ruhusa, faili likisomwa kwa mfumo mwingine "ng'oa" inatokea skrini kama "ngâ€™oa". Andika kidole kilichonyooka, kisha tafuta vya kupinda vyote ubadilishe kwa mkupuo kabla ya kufunga kazi.

Lililotunyima usingizi wiki ya mwisho lilikuwa kasi. Filamu ya sinema inakwenda picha 24 kwa sekunde. Nakala za DVD za Ulaya zinakimbizwa kwa 25, kwa hiyo dakika 98 zinakuwa 94 na kidogo. Sisi tulipima saa zetu kwenye DVD, ukumbi ukaleta nakala ya 24. Dakika ya 10 maneno yalikuwa yanatangulia midomo kwa sekunde 25, na mwisho wa filamu yangetangulia kwa karibu dakika nne. Mtu akikwambia "sogeza yote mbele sekunde 25", usimsikilize. Yatakaa sawa hapo uliposogezea na kukosea kote kwingine. Kosa linakua kila dakika, kwa hiyo unazidisha kila saa ya faili kwa 25 juu ya 24, yaani 1.0417. Programu za sabtaito zina kitufe chake. Kisha angalia sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho.

Na rangi. Maandishi meupe juu ya filamu nyeusi na nyeupe yanamezwa kila penye anga au ukuta wa zege, na filamu hii ni zege tupu. Weka ukingo mweusi kuzunguka herufi. Ukingo mwembamba haufanyi kazi, mnene unaziba tumbo la a na la e mpaka herufi zinafanana. Wengine hutia manjano. Mimi naona manjano juu ya picha ile ni kama kupaka hina farasi, lakini inasomeka, sibishi.

Kwenye maneno ya mtaani ndiko tulikogombana kweli. Hawa vijana wanazungumza verlan, Kifaransa cha kupindua silabi. Jina lenyewe limepinduliwa: l'envers, yaani kinyume, likawa verlan. Flic, askari, linapinduliwa na kukatwa mkia linakuwa keuf. Femme linakuwa meuf. Arabe likawa beur, na beur lilipozoeleka hadi kwa watangazaji wa televisheni, vijana wakalipindua tena likawa rebeu, ili wabaki na la kwao. Sasa, pwani tulikuwa nacho kitu hikihiki, na tulikiita kwa jina lilelile: kinyume. Huko Unguja watu walikisema tangu karne ya 19, silabi ya mwisho unaileta mbele, nyumba inakuwa mbanyu. Shangazi alikisema utotoni ili wakubwa wasisikie. Kwa hiyo tulijaribu: polisi, sipoli. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye skrini, kwa sekunde moja na nusu, kila aliyeiona alidhani tumekosea kuchapa. Tukaiacha.

(Naona hapo nilipaswa kujifunza kitu. Sikujifunza.)

Tukabaki na "njagu" midomoni mwa vijana na "polisi" midomoni mwa wazazi na taarifa ya habari. Mwenzangu wa Nairobi alitaka "karao", nikamwambia filamu inaonyeshwa Dar. Tulikubaliana jambo moja: kutowahamisha. Sabtaito za kale za Kiingereza zilimgeuza muuza unga anayeitwa Astérix akawa Snoopy ili Mmarekani asichoke, na hapo ndipo Paris inapotoweka. Sisi Astérix ni Astérix. Mtaa wao hatukuuita uswahilini pia, ingawa kishawishi kilikuwepo. Uswahilini kwetu ni nyumba za chini zilizobanana, mlango kwa mlango, na mjini unafika kwa miguu. Mahali walipopigia filamu, Chanteloup-les-Vignes, ni maghorofa yaliyopandwa mbali na mji, yenye picha kubwa za washairi kama Baudelaire kwenye kuta, na vijana wakitaka Paris wanapanda treni, ya mwisho ikiwaacha wanalala huko. Anayetaka mfano wa karibu kwa macho aangalie maghorofa ya Michenzani, Unguja, ila Michenzani iko katikati ya mji. Tuliandika "maghorofani" basi.

Yule mzee wa chooni alichukua siku mbili peke yake. Anatoka msalani, anawasimulia vijana kuhusu Grunwalski, mwenzake waliyesafirishwa naye kwa treni kwenda Siberia, aliyeenda haja porini, treni ikaondoka, akashindwa kukimbia kwa sababu kila akinyoosha mkono avutwe ndani suruali inamshuka. Akafa kwa baridi. Mzee anaaga, anaondoka, vijana wanabaki wakiulizana kwa nini ametuambia haya. Hapo kazi ni kutofafanua. Mtafsiri mbichi huongeza neno moja la kusaidia, na hilo moja linaua.

Na "mpaka hapa, salama". Mwenzangu aliandika "hadi sasa mambo shwari". Nilimkatalia. Jamaa yuko hewani, anahesabu ghorofa: anapaswa kusema hapa, si sasa. Na salama, kwa sababu kwetu ukimuuliza mtu habari za nyumbani atasema salama kwanza, ndipo aseme mtoto amelazwa. Mtazamaji wa Kiswahili anamjua huyu anayeanguka. Amemwamkia asubuhi.

Haya. Jana usiku, kwa ukaidi tu, nilifungua faili nimwonyeshe Shangazi kwamba hakuna kosa. Nilitaka kuchapa sehemu zote tatu ambapo kisa kinatajwa, nimpelekee karatasi. Maana zipo tatu: mwanzo, mwisho, na usiku kule Paris, Hubert anapowarudishia wenzake kisa kilekile na kuwaambia ndivyo tulivyo sisi wa mtaani. Ile ya katikati ndiyo daraja. Inamkumbusha mtazamaji maneno kabla hayajageuzwa.

Mstari wa 871: "Unakijua kisa cha mtu aliyedondoka ghorofani?"

Mtu. Aliyedondoka.

Theluthi ya katikati haikupita mikononi mwangu. Tuligawana filamu mafungu matatu kwa sababu ya muda, na "jamaa" ilipopatikana usiku ule niliisahihisha kwenye fungu langu la kwanza na la tatu, nikasahau kutuma ujumbe. Faharasa ya pamoja tulikuwa nayo, ina njagu, ina maghorofani, ina hata jina la Grunwalski lisibadilishwe. Jamaa haimo. Mstari ulikuwa mzuri mno kwangu kuuona kama istilahi.

Kwa hiyo Shangazi alikaa dakika 98, akasoma jamaa anayeanguka, akasoma mtu aliyedondoka, akasoma jamii inayoanguka. Mara tatu, maneno matatu. Msahihishaji wa miaka 27 angesema nini? Angesema hawa watu hawajui walichoandika, na pale mwisho vidole viliteleza. Nilicheka peke yangu jikoni saa sita usiku mpaka Baba akauliza kuna nini, jicho lake moja likiwa wazi.

Nikaurekebisha: "Unakijua kisa cha jamaa anayeanguka?" Herufi 35 na alama ya kuuliza, inakaa. Halafu nikaangalia mwisho tena, mara hii kwa utulivu, bila sauti. Ile saa ya filamu, inayoanza 10:38, inafika 06:01. Kwa hesabu yetu ni saa nne na dakika 38 asubuhi hadi saa kumi na mbili na dakika moja, mchana umezaliwa dakika moja iliyopita. (Tarakimu zile hatukuzitafsiri. Skrini ikisema 10 na wewe ukaandika 4, mtu anaacha filamu anaanza kupiga hesabu.) Bastola mbili zinatazamana, kamera inamsogelea Saïd, sauti inaanza kusimulia, anafumba macho, mlio. Tuliweka jamii inayoanguka wakati uso ule unajaa skrini. Nani atasoma vokali akiwa anamtazama yule mtoto? Nimeivuta mapema kwa picha 10, maneno yatangulie kidogo, macho yapate kurudi usoni. Si nyingi. Chini ya nusu sekunde.

Nimekumbuka pia kwa nini iliandikwa. Aprili 6, 1993, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Zaire, Makomé M'Bowolé, aliuawa kwa risasi ya kichwa na inspekta ndani ya kituo cha polisi cha wilaya ya 18, Paris. Kassovitz amesema alianza kuandika siku hiyo. Cannes ikampa tuzo ya mwongozaji bora, polisi waliokuwa zamu wakawapa mgongo watu wa filamu, na waziri mkuu Alain Juppé akaamuru mawaziri wake waione. Wakaiona. Kisha 2005 Clichy-sous-Bois, vijana wawili waliokuwa wakikimbia polisi wakafia kwenye kituo cha umeme. Kisha Juni 27, 2023, Nanterre, mwingine wa miaka 17, risasi kwenye gari. Kila mara magazeti yanaitaja filamu hii kama vile ilitabiri, wakati ilikuwa inasimulia kilichokwisha kutokea.

Onyesho la pili ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nimemwambia Shangazi aje tena, tiketi juu yangu, sikumwambia kwa nini. Amesema atakuja mguu ukimruhusu, na ameuliza kama yule mtoto wa bango watampunguzia kifungo. Sikujua nimjibuje mtu swali kama hilo, Saïd hakufungwa kwa ajili ya bango, nikasema nitaangalia.

Wageni wa Tanga wanaingia kesho alfajiri, watu saba, na nimeutikisa mtungi wa gesi sasa hivi. Mwepesi. Sijui kama utafikisha chai.